Mchanga Hauchezi Ngoma

Robi wa Zablon hakuwa mwoga. Hilo lisemwe mapema, maana yatakayofuata yatamfanya aonekane mwoga wa kutupwa. Huyu ni mtu aliyezaliwa kwa Wakuria, nje kidogo ya Kehancha, akavuka mto uliofurika kila msimu wa mvua kwenda shule, kisha akaenda Kisumu kusomea uchoraji wa majengo katika darasa la wanaume thelathini na mmoja na yeye mwanamke peke yake. Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza kama amepotea njia, darasa la upishi liko jengo lile pale. Robi alivuta kiti, akaketi mbele kabisa, akatoa penseli zake. Mwisho wa mwaka mwalimu yuleyule ndiye aliyembebea begi hadi stendi.

Ofisi ya Injinia Osoro iko Migori mjini, ghorofani, juu ya duka la Dahir la mabati na saruji. Robi aliingia pale akiwa na miaka ishirini na mitano, na sasa ana thelathini na saba. Kazi yao ni hivi: Injinia anapiga hesabu, Robi anachora. Yeye ndiye anayemwonyesha fundi kila chuma kilale wapi, na kila ngazi iwe na kimo gani. Kwa miaka hiyo yote walichora vitu ambavyo watu wa huku huviomba, maduka yenye vyumba vya kupangisha nyuma, zahanati, mabweni, na zaidi ya yote, makanisa. Kanisa la siku hizi likikosa roshani, ile sakafu ya juu ya waumini, watu wanaliona kama zizi. Robi alikuwa Msabato, binti wa mzee wa kanisa, na alikuwa amechora roshani kumi na moja za Wasabato wenzake, kutoka Uriri hadi kule bonde la Lambwe. Hakuna hata moja iliyowahi kupata ufa.

Kisha ukaja uwanja. Nchi ilikuwa inaandaa mashindano ya mpira ya Afrika pamoja na majirani zake, na timu za wageni zinataka mahali pa kufanyia mazoezi na kucheza mechi za kupasha moto. Kimoja cha viwanja hivyo kikaangukia upande wetu, kwenye barabara ya kutoka Migori kwenda Uriri. Lo! Watu walipagawa. Msanifu wa Nairobi alileta picha nzuri ya jukwaa la ghorofa mbili, chini viti elfu mbili, juu viti elfu moja na mia mbili. Michoro ya kazi, ile ya kumpa fundi mkononi, ikapewa ofisi ya Injinia Osoro. Robi alifurahi hadi akasahau kula siku nzima.

Na alifanya kazi, usidhani alilala. Kuchora jukwaa si kupanga viti tu. Kila mtu lazima aone mpira akiwa ameketi, juu ya kichwa cha aliye mbele yake, na vitabu vinasema mstari wa kuona upite sentimita tisa juu ya macho ya huyo wa mbele. Robi alicheka. Aliyeandika vitabu hivyo hajawahi kukaa nyuma ya mama wa Awendo aliyefunga kilemba cha sherehe. Akaongeza zikawa kumi na mbili. Halafu akaona nguzo za mbele, zile zinazoshikilia jukwaa la juu, zitawakata macho watu wote wa chini, wakae wakichungulia kama wezi. Akaziondoa. Jukwaa la juu sasa likawa linaning'inia hewani, limeshikwa nyuma peke yake, mbele hakuna kitu. Injinia Osoro alipoona alimpigia makofi, makofi ya kweli ya mikono miwili.

Boriti za kushikilia hilo jukwaa alizitoa wapi? Kwenye roshani za kanisa. Mchoro ulikuwepo kwenye kompyuta, umejengwa mara kumi na moja, haujawahi kumwangusha mtu. Akauchukua, akaurefusha. Injinia akapiga hesabu ya uzito, akaongeza vyuma, akatia sahihi na muhuri. Jamani, hapo ndipo kosa lilipoingia, na hakuna hata mmoja aliyelisikia likiingia.

Ilikuwa Sabato, wiki moja kamili kabla ya uzinduzi. Robi alikuwa kanisani Uriri, ameketi chini ya roshani aliyoichora mwenyewe, Biblia imefunguliwa mapajani. Sasa ujue Wasabato wa huku hawachezi kanisani. Wanaimba wamesimama wima, macho kwenye kitabu cha nyimbo, na wakimaliza wanaketi. Lakini siku hiyo walikuja watoto wa klabu ya Watafuta Njia, wale wanaovaa skafu na kupiga gwaride, na kwa kuwa chini kulijaa, wakapelekwa juu. Kiongozi wao akaona awaonyeshe wenyeji gwaride palepale. Kushoto! Kulia! Watoto arobaini wakaanza kukanyaga pamoja.

Vumbi la chokaa likadondoka kwenye Biblia ya Robi. Alitazama juu. Ile taa iliyoning'inia chini ya roshani ilikuwa inacheza, juu, chini, juu, chini, na kila hatua ya watoto inaichezesha zaidi. Mzee wa kanisa akanyanyua mkono, watoto wakaketi, watu wakacheka kidogo, mahubiri yakaendelea. Robi hakucheka. Alipima kwa macho. Roshani ile ilikuwa na kuta pande zote mbili zinazoisaidia, na ilikuwa fupi. Jukwaa la uwanja lilikuwa refu mara moja na nusu, halina ukuta, halina nguzo. Na boriti ni ileile.

Mtu asiyejua ujenzi atauliza, si lilijaribiwa kwa uzito, likabeba? Lilibeba. Weka ubao juu ya mtaro, upitishe gunia la mahindi juu yake, utapita salama. Sasa mwambie mtoto aruke juu ya ubao huohuo, aruke tena kila ubao unapoinuka, uone. Ubao wenyewe unaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado ukakurusha mtaroni. Robi alikuwa amechora jukwaa la watu wanaokaa kimya na kusema amina. Miaka yake kumi na miwili ya kazi ilikuwa ya watu wa namna hiyo, wala hakuwahi kujiuliza kama kuna wengine. Yeye mwenyewe tangu azaliwe hajawahi kwenda kutazama mechi, kwa sababu mechi ni Jumamosi, na Jumamosi yuko kanisani.

Na uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Wiki ijayo saa kama hizi yeye angekuwa ameketi hapahapa, salama salimini, anaimba, na huko uwanjani watu elfu moja na mia mbili wangekuwa juu ya mchoro wake wakirukaruka, na wengine elfu mbili chini yake.

Jumatatu asubuhi alimkuta Injinia Osoro ofisini akinywa chai. Akamweleza yote bila kupumzika. Injinia alikuwa mtu mwema, Mgusii mpole aliyekuwa amebakisha miaka mitatu apumzike, na alisikiliza hadi mwisho.

"Robi, tulilijaribu," akasema. "Tuliweka magunia ya mchanga juu, siku mbili nzima. Likashuka unene wa kidole, tukatoa mchanga, likarudi. Mchanga haukulalamika."

"Mchanga hauchezi ngoma, Injinia."

"Kwani ni nani atacheza ngoma?"

"Umeiona ratiba? Kile kikundi cha ngoma cha Wakuria kimewekwa juu, mstari wa mbele, kiongoze mashabiki."

Injinia aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu. "Wewe sasa unataka nini?" akauliza. "Wageni wanakuja. Wakubwa wanakuja. Niwaambie nini? Kwamba mchoraji wangu ameona vumbi kanisani? Niletee kitu ninachoweza kumwonyesha mtu. Mpaka Alhamisi."

Robi alijaribu hesabu siku nzima. Asubuhi zikampa jibu moja, mchana jingine, maana kila kitu kilitegemea ugumu wa zege ambao hakuna aliyeupima. Kilichobaki ni kulitikisa lenyewe. Na hapo akajua ni lazima aende mahali ambapo hakuwa ameweka mguu tangu akiwa na miaka tisa.

Kikundi kile kilikuwa cha baba yake mdogo, Mirumbe. Mirumbe na Zablon, baba yake Robi, walicheza pamoja wakiwa vijana, na watu wazima wa Kehancha wanasema hakukuwa na miguu kama ile. Kisha, Robi akiwa na miaka tisa, Zablon akaingia kanisani, akabatizwa, akachukua viatu vyake vya ngoma akavitia motoni. Mirumbe alikuwa amesimama pale anatazama. Ndugu hao wakaacha kutembeleana. Robi alilelewa akiambiwa kwamba ngoma ya baba mdogo si ya kutazamwa, na kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, hakuitazama.

Jumanne akaenda. Mirumbe alikuwa uani anafunga upya nyuzi za iritungu, kile chombo kikubwa cha nyuzi nane kinachowekwa chini kikipigwa. Alipomwona akaangua kicheko.

"Ala! Binti wa mzee wa kanisa! Umekuja kunihubiria?"

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekuja kukuomba jambo baya."

"Marahaba. Hilo angalau ni jipya. Keti."

Kabla hajasema lolote, aliona viatu. Vilipangwa ukutani jozi kwa jozi, magogo matupu ya mbao yaliyochongwa mahali pa kuingiza mguu, soli nene kama tofali. Akajaribu kuinua kimoja kwa mkono mmoja, akashindwa. Mirumbe akafurahi.

"Hivyo ndivyo tunavyovaa," akasema. "Mtu anafikiri kazi ni kuruka. Kazi ni kushuka. Tuko kumi na wanne, na tukishuka tunashuka kama mtu mmoja. Ukisikia miguu miwili, ujue kuna mgeni kati yetu."

Robi akavihesabu viatu kwa macho. Kama kuna mtu duniani angeombwa atengeneze kitu cha kuangusha jukwaa lake, asingepata kizuri zaidi ya hiki. Akamweleza kila kitu. Mchoro, kanisa, vumbi, Injinia. Mirumbe alisikiliza huku akifunga nyuzi.

"Kwa hiyo unaniomba niende nikalivunje," mzee akasema mwishowe.

"Nakuomba ulitikise kidogo tu. Na nikikwambia kimbia, ukimbie."

"Na viatu hivi unakimbia navyo vipi, mwanangu?"

Robi alianza kulia, mtu mzima wa miaka thelathini na saba, mbele ya baba mdogo ambaye hakumjua vizuri. Akamwambia basi, aache, alikosea kuja. Mirumbe akaendelea kufunga uzi wake mpaka ukakaza.

"Jumamosi tungepanda hapo hata hivyo," akasema. "Na watu wote hao wakiwa nyuma yetu. Alhamisi tutakuwa sisi peke yetu. Wewe unaona ipi afadhali?"

Alhamisi saa tatu asubuhi walifika. Hawakuwa kumi na wanne, walikuwa wanane tu na mpiga iritungu wao. Mirumbe alikuwa amewaacha nyumbani wote wenye watoto wadogo, na aliokuja nao walikuwa wazee wenye mvi kama yeye. Robi alipoliona hilo alitaka kuwarudisha palepale. Otieno, msimamizi wa saiti, Mjaluo mrefu aliyejenga kila sentimita ya jukwaa hilo, alikuwa amekasirika hadharani.

"Yawa, Robi! Hii jukwaa nimemwaga mimi mwenyewe. Hapana cheza na jina yangu."

"Zege lako halina shida, mzee Otieno. Shida ni mchoro wangu."

"Wacha tuone basi."

Robi alifunga timazi, ule uzi wa fundi wenye chuma chenye ncha, kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa la juu, uzi ukashuka hadi karibu na ardhi, na chini ya ncha yake akaweka kipande cha bati. Aliacha nafasi ya kidole kimoja, kilekile ambacho magunia yote yale ya mchanga yalishusha jukwaa. Kama ncha ingegusa bati, ina maana wazee wanane wamefanya kazi ya mchanga wenye uzito wa watu elfu na ushee. Otieno akasimama katikati ya uwanja na kizibao chekundu cha kumpungia Mirumbe asimamishe ngoma. Injinia Osoro akasimama pembeni, karibu na lango, mikono mfukoni. Robi akachuchumaa chini ya jukwaa, karibu na bati, kusikiliza. Injinia alimwita atoke. Hakutoka.

Iritungu ikaanza, nzito, inanguruma kifuani. Kisha miguu. Du. Du. Du. Kila pigo lilikuja moja tu, kama Mirumbe alivyosema. Robi alikaza macho kwenye ncha ya timazi. Haikufanya kitu. Akavuta pumzi. Alianza kufikiri, Mungu wangu, kumbe nilikuwa naota, kumbe nimewasumbua wazee wa watu bure. Hajawahi kutamani kuaibika kama alivyotamani dakika ile.

Mirumbe akabadilisha mwendo, akauharakisha.

Ncha ikaanza kupanda na kushuka. Kidogo. Zaidi. Wale wa juu hawakuwa wameongeza nguvu hata chembe, mwendo wao ulikuwa umekutana na mwendo wa jukwaa lenyewe, na sasa kila hatua ilikuwa inasukuma palepale jukwaa lilipotaka kwenda. Robi akasikia: ti. Bati. Akadhani ni masikio. Ti. Ti. Kisha ikawa ngo, ngo, ngo, timazi inagonga bati kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi.

"Simamisha!" akapiga kelele. "Otieno, simamisha!"

Otieno alikuwa amesimama kizibao kikiwa mkononi, mdomo wazi. Kutoka pale alipokuwa aliona kitu ambacho Robi hakukiona, aliona ukingo mzima wa jukwaa alilolimwaga kwa mikono yake ukipumua. Hakuinua mkono. Hakuweza. Na wazee walikuwa wamefumba macho, wamezama kwenye ngoma yao, hawamtazami mtu.

Robi alitoka mbio. Hakukimbia kwenda nje, alikimbia kwenda ngazi. Ngazi ishirini na sita, alizichora yeye, alizipanda kwa mikono na miguu. Alipokanyaga jukwaa la juu akahisi likimjia nyayoni, likimnyanyua na kumwacha. Viti vya plastiki vilikuwa vinagongana meno, safu nzima. Alitambaa. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa mpiga iritungu, na hakuna anayemgusa mpigaji akiwa kazini, hata watoto wanajua. Robi alijitupa juu ya nyuzi kwa mikono miwili.

Kimya. Miguu minane ikasita hewani, ikashuka ovyo, kila mmoja kivyake. Lakini jukwaa halikusita. Liliendelea, peke yake, moja, mbili, tatu, nne, mpaka Robi akahesabu kumi na moja. Mirumbe alimtazama binti wa ndugu yake, uso umesawijika.

"Tumeacha," akasema kwa sauti ndogo. "Mbona lenyewe haliachi?"

Waliketi, wakavua viatu, wakashuka mmoja mmoja. Injinia Osoro alikuwa amekalia tofali. Akasema jukwaa la juu linafungwa, hakuna mtu atakayepanda hadi zirudishwe nguzo za mbele, watu wa chini wachungulie tu. Otieno akasema hata yeye hatapanda. Robi alihisi kama mtu aliyeondolewa jiwe tumboni.

Lakini ilibidi watu waambiwe kitu. Injinia alimwita pembeni. "Tukisema ukweli leo, kesho hatuna kazi, wewe na mimi," akasema. "Jukwaa limefungwa. Watu watakuwa salama. Kwa nini tujivue nguo barabarani? Tutaandika rangi haijakauka." Na Robi, tuseme ukweli, hakubisha. Alikuwa amechoka, na jina lake lilikuwa limepona, na akashukuru. Ijumaa kibao kikawekwa kwenye lango la ngazi: RANGI MBICHI. HAKUNA KUPANDA.

Ijumaa hiyohiyo jioni, Sabato ikiingia, hofu ikamrudia. Alijua watu wa kwao. Rangi ni kitu cha kumzuia nani? Akamwambia baba yake kwamba kesho hatakuja kanisani, akamweleza na sababu, hata jina la Mirumbe akalitaja. Mzee Zablon alivua miwani yake. "Alikuwa mzima, alipotoka hapo?" akauliza. Robi akasema alikuwa mzima. "Basi nenda," mzee akasema.

Jumamosi uwanja ulijaa kabla ya saa sita. Robi alisimama kwenye lango la ngazi tangu asubuhi, na askari mmoja aliyepewa amsaidie. Mpira ulipoanza askari akaenda kutazama. Viti vya chini vilikuwa vimekwisha, watu wamebanana, na juu yao viti elfu moja na mia mbili vipya vimekaa vitupu, vinawatazama. Kundi likakusanyika langoni. Kwanza walitania.

"Dada, sisi tutasimama. Hatutakalia rangi yako."

"Rudini, tafadhali."

"Suruali ni yangu, wacha ichafuke!"

Kisha mwanamke mmoja, Kemuma muuza ndizi, akanyoosha mkono akapapasa ukuta. Akaangalia vidole vyake. Akavinyanyua wote wavione.

"Imekauka!" akasema. "Imekauka tangu juzi. Wameweka viti vya wakubwa, ndiyo maana!"

Ikawa kelele. Waongo hawa! Viti vyetu, kodi yetu! Watu wakasukuma. Mnyororo wa lango ukavutika. Mwanaume mmoja, binti yake mdogo amemkalia mabegani, akapita kando, akakwea chuma cha ngazi kwa wepesi, na kabla Robi hajageuka alikuwa juu, amefika mstari wa mbele kabisa, ameketi, anapungia wenzake. Wengine wakaanza kukwea.

Robi alipanda juu ya jiwe kando ya lango. Mdomo ulikuwa umekauka, na alijua akilisema neno hili hakuna wa kulirudisha.

"Si rangi!" akapiga ukelele. "Nisikieni! Si rangi! Jukwaa hili linatikisika, mkiruka pamoja litaanguka na nyinyi na walio chini! Tuliwadanganya!"

"Wewe ni nani, unasema hivyo?"

"Mimi ndiye niliyelichora. Naitwa Robi Zablon, ofisi yetu iko juu ya duka la Dahir. Nililichora vibaya."

Wale waliokuwa wamekwea chuma wakaachia mmoja mmoja. Kemuma akarudi nyuma, akatazama juu, akarudi nyuma tena. Kila mtu sasa alikuwa anamtazama yule mwanaume wa juu. Naye alikuwa amesikia. Aliinuka polepole, akamshusha binti yake, akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kurudi kuelekea ngazi kwa ncha za vidole.

Hapo ndipo timu ya nyumbani ilipofunga bao.

Watu elfu mbili wa chini wakaruka kwa pamoja, na mlio ukapanda ukutani, na viti vitupu vya juu vikaanza kugongana, safu nzima, kutoka mwisho hadi mwisho. Mwanaume aliganda, mtoto amekumbatia mguu wake. Robi hakupumua. Hakuna aliyekuwa langoni aliyepumua. Kisha kelele zikatulia, viti vikanyamaza, na mwanaume akainua mguu tena. Walishuka ngazi zote ishirini na sita, baba mbele, mtoto nyuma ameshika shati lake, na Robi akazihesabu mpaka mguu wa mwisho wa mtoto ukagusa ardhi.

Mwanaume alipofika mbele yake hakupiga kelele. Jasho lilikuwa linamtiririka, viatu bado viko mkononi. Alimtazama Robi, akakitazama kile kibao.

"Nilimpeleka mtoto wangu pale," akasema. "Mbona mliandika ni rangi?"

Robi akageuka, akaking'oa kibao langoni kwa mikono miwili.